Nakala ya Kusomwa na Shemasi

Barua za Eliphalet Pettingell kutoka Uholanzi zilikuwa na sifa moja ambayo mji mzima wa Newburyport uliipenda: ungeweza kumsomea hata mchungaji wakati wa chakula. Humo mlikuwa na jibini, mifereji, ukungu na salamu kwa majirani. Hamkuwa na neno hata moja la kumfanya mtu aone haya, na Mehitable, mkewe, alikuwa ameshachoka kutoona haya.

Eliphalet alikuwa katibu wa mjumbe wa Kongresi, baraza la makoloni yaliyomwasi Mwingereza, huko The Hague. Kabla ya vita na Mwingereza alikuwa mwanasheria mdogo wa kesi za mipaka na mbuzi waliopotea, ila alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko huo ndio uliomponza. Wakubwa waliuona, wakamtaka. Aliondoka akisema ni kwa msimu mmoja tu. Sasa ulikuwa mwaka wa nne, na watoto wao walishaoa na kuolewa katika miji mingine bila baba kuwapo.

Tena, barua ya kutoka ng'ambo haikuwa mali ya mtu mmoja pale mjini. Ukipokea barua, majirani walikuja na vikombe vyao, wakakaa sebuleni, ikasomwa kwa sauti. Habari za vita zilikuwa za wote, na kumnyima jirani kulihesabiwa uchoyo kama kumnyima chumvi. Msomaji alikuwa Shemasi Lunt siku zote, kwa sababu miwani yake ndiyo pekee mtaani ambayo haikuwa na ufa. Siku za kazi alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe, na sauti aliyokuwa nayo ilikuwa hiyo moja.

Mchana mmoja wa Aprili, theluji ya mwisho ikichuruzika kutoka mapaa, aliketi kwenye kiti cha Eliphalet, akafungua barua mpya na kusafisha koo.

"'Bibi mheshimiwa,'" akanadi. "'Natumaini barua hii itakukuta mzima kama inavyoniacha mimi. Waholanzi ni watu wa subira. Jibini lao ni la duara, na huhimili safari ndefu za baharini.'"

"Tumeshaambiwa jibini," akasema Zerviah. "Barua ya vuli ilikuwa jibini tupu."

Zerviah alikuwa dada yake Eliphalet, mjane, akiishi chumba cha juu katika nyumba hiyohiyo. Alimpenda wifi yake kama mawifi wanavyopendana, yaani hakumwacha apumue.

Shemasi akaendelea. "'Ukungu ni mwingi. Nimekuletea pini na kitambaa cha kitani, kwa meli nyingine. Wakubwa wananiomba nibaki huku mpaka mkataba utiwe saini, jambo litakalochukua labda miaka miwili. Naomba maoni yako kabla sijawajibu. Nabaki kuwa mtumishi wako mtiifu na mnyenyekevu, E. Pettingell.'" Akakunja karatasi. "Barua safi."

"Safi kama sahani iliyolambwa," akasema Zerviah. "Wifi, hebu nikumbushe, huyu kaka yangu alikuoa au alikuajiri?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mehitable naye akacheka, akaendelea kumimina ile chai ya majani ya porini waliyokuwa wakiinywa tangu walipoikataa ya Mwingereza. Hakuna aliyeona kwamba alikuwa akimimina kwenye kisahani.

Sababu ya ubaridi ule aliijua, au alidhani anaijua. Mwaka ule wa kwanza, meli moja ilikamatwa baharini, na barua ya mkubwa mmoja kwa mkewe ikachapishwa na Waingereza katika gazeti lao la New York, pamoja na pale alipomwita mwenzake wa kazi bata mzee. Watu walicheka pande zote mbili za bahari. Tangu hapo Eliphalet aliapa kwamba hatatia wino neno ambalo asingependa Mwingereza alisome. Manahodha nao walijifunza. Barua walizishona ndani ya mfuko wa turubai pamoja na tufe la mzinga, ili adui akikaribia mfuko utupwe majini na kuzama palepale. Na kwa kuwa mifuko mingi ilizama, kila aliyeandika aliandika nakala tatu akazipeleka kwa meli tatu, akiomba Mungu moja ifike.

Yote hayo Mehitable aliyaelewa. Lakini hofu ikidumu miaka minne si hofu tena, ni mazoea. Huyu alikuwa mtu aliyekuwa akimwachia vikaratasi ndani ya pipa la unga, vyenye mashairi ya kipuuzi kuhusu shingo yake, hata mkate ukawa unaungua jikoni. Leo anamuuliza kama abaki miaka miwili, kwa sauti ya mtu anayemuuliza jirani kama akate tawi la mti. Mehitable alitaka aandikiwe kwamba anatakiwa. Hakutaka zaidi ya hapo, na iliuma kwamba hata hilo lilikuwa kubwa.

Jioni ile alichukua unyoya na wino. Zerviah akasimama nyuma yake, akisoma bila hata kujificha.

"Bwana mheshimiwa," Mehitable aliandika. "Ng'ombe amezaa. Ukungu wa hapa ni wa kiasi. Kuhusu kubaki, baki. Baki miaka miwili, na ukiona inafaa, baki mitatu. Hakuna kilichoharibika hapa kwa kukukosa isipokuwa mlango wa zizi, nao nimeshautengeneza. Nabaki kuwa mtumishi wako mtiifu, M. Pettingell."

"Wifi, unamkomoa."

"Namjibu. Ameomba maoni, nimempa."

"Atakuamini, ujue. Yule ni msomi. Msomi ukimwambia baki, anabaki."

"Basi abaki."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Na wewe," akasema Mehitable. "Kwa dhambi zangu."

Akaandika nakala zote tatu bila kupumzika, na hasira ikamtosha mpaka ya mwisho. Moja ilikwenda bandari ya Salem asubuhi yake, ikapata meli iliyokuwa ikiondoka. Ya pili alipewa Nahodha Somerby, aliyekuwa akipakia mbao hapohapo mtoni kwa safari ya Amsterdam. Ya tatu ikakaa kwenye mtoto wa meza kusubiri meli.

Siku zikapita, mpaka Jumamosi moja. Maharage ya Jumamosi yalikuwa tanurini na molasi yake, nyumba ikinukia, Shemasi Lunt alipobisha hodi. Alikuwa ameshika kofia mkononi, jambo lisilo la kawaida, na nyuma yake alikuwapo karibu mtaa mzima, jambo lisilo la kawaida zaidi.

"Mama Pettingell," akasema, "kuna barua ya mumeo."

"Imekuja na meli gani?"

"Haikuja na meli." Akatazama kofia. "Imekuja na gazeti."

Lilikuwa gazeti la Waingereza la New York, lililoletwa na mabaharia wetu waliokuwa wafungwa kule, wakaachiliwa. Lilikuwa limekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi, na ukurasa wa pili ulikuwa na alama za vidole vya kila aina.

"Nilifikiri labda ungependa kuisoma mwenyewe," akasema Shemasi. "Faraghani."

"Mtaa mzima umeshaisoma?" akauliza Zerviah.

"Umeisoma kidogo."

Mehitable alihisi uso ukimwaka moto. Lakini alikuwa binti wa nahodha, na kukimbilia chumbani mbele ya watu wote wale hakungewezekana. Akafungua mlango wote.

"Ingieni. Kaa, Shemasi, usome kama kawaida."

Wakaingia, wakabanana. Shemasi akavaa miwani. Kwanza alisoma maneno ya mwenye gazeti, aliyekuwa na furaha nyingi: meli ya waasi imekamatwa ikitoka Uholanzi, mfuko wa serikali umezamishwa, ole wetu, lakini ndani ya sanduku la pini imekutwa barua ya katibu mmoja kwa mkewe. Siri za waasi zimezama, aliandika, ila machozi yao yameelea, na wasomaji wa New York wanakaribishwa kuyaonja.

"'Hitty wangu,'" akasoma Shemasi, na watu wakashusha vikombe.

"'Hii nimeificha katikati ya pini ili uikute wewe peke yako. Nyingine, ya heshima, nimeipeleka kwa meli ya pili. Hiyo ndiyo nakala ya kusomwa na Shemasi Lunt, ambaye husoma barua ya mume kwa mkewe kana kwamba ananadi ng'ombe...'"

Shemasi akanyamaza. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Endelea, Shemasi," akasema Zerviah kwa upole mkubwa. "Ng'ombe gani?"

"'...ng'ombe mwenye kiwele kibovu,'" akamalizia Shemasi, kwa sauti ileile, maana hakuwa na nyingine. Kicheko kilichofuata kilimwamsha mbwa chini ya meza. Na tuseme ukweli, Shemasi Lunt alikuwa mwungwana: alingoja kicheko kiishe, akafuta miwani, akasogeza gazeti karibu na dirisha.

"'Nimechoka na jibini, Hitty. Kila nilipokuandikia habari za jibini, ujue nilikuwa nataka kuandika jambo jingine, nikamwona Mwingereza begani kwangu na Shemasi mbele yangu, nikaogopa. Zitoe barua zangu zote, na kila penye jibini weka unalolijua wewe. Naiota shingo yako. Naliota hata pipa la unga.'"

"Mungu wangu," akasema mwanamke mmoja karibu na mlango. "Na ile barua ya vuli, jibini ukurasa mzima!"

Mehitable alikuwa ameweka mikono yote miwili shingoni. Alikuwa anaona haya mbele ya mtaa mzima, haya ya kweli, ya kumchoma mpaka kwenye vidole vya miguu, na alikuwa na furaha kuliko siku yoyote ya miaka ile minne. Kumbe alikuwapo, yule mtu wa pipa la unga.

"'Wananitaka nibaki,'" Shemasi akaendelea. "'Mimi sitaki kubaki bila wewe, na kukuita siwezi. Nikikuita utakuja, nakujua, lakini mwanamke ambaye hajawahi kuvuka mto kwenda kumwona shangazi yangu Salisbury, na sababu yake naijua, hawezi kuitwa avuke bahari nzima. Basi nasubiri neno lako. Ukisema nirudi, nitaacha kazi siku hiyohiyo, akasirike anayekasirika. Ukisema nibaki, nitajua umeshaizoea nyumba bila mimi, nami nitatia saini na sitakusumbua tena kwa swali hilo. Wako, wala si mtumishi wa mtu, Eliphalet.'"

Mwanamke wa mlangoni alijipangusa macho na aproni. Zerviah ndiye aliyekumbuka kwanza. Akamwinamia wifi yake sikioni, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mzaha sautini mwake.

"Wifi. Umemwambia abaki."

*

Jumapili, katika nyumba ya ibada, mchungaji aliomba kwa urefu ulinzi wa Mungu juu ya meli zetu zote zilizoko baharini. Watu wakaitikia amina kwa kishindo.

"Sikusikia amina yako," Zerviah akanong'ona.

"Nimeitikia."

"Hujaitikia. Nilikuwa nakutazama mdomo."

"Nimeitikia kimoyomoyo. Meli zote, isipokuwa moja ya Salem."

Zerviah akaziba mdomo kwa kitabu cha zaburi. "Unamwombea Mwingereza ushindi! Ndani ya nyumba ya Mungu!"

"Ushindi mdogo tu," akasema Mehitable. "Wa meli moja. Na watu wasiumie."

Jumatatu asubuhi waliiteketeza jikoni ile nakala ya tatu, kisha wakashuka gatini kumtafuta Nahodha Somerby. Njia nzima ilikuwa mateso. Wanawake waliokuwa wakigeuza samaki kwenye vichanja walimwamkia kwa adabu kubwa mno. "Habari za shingo, Mama Pettingell?" Fundi mapipa alitoka kibandani kumuuliza kama angependa pipa jipya la unga, kubwa kidogo, la watu wawili. Mehitable aliwajibu wote, wengine kwa maneno ambayo binti wa nahodha huyajua, na moyoni alikuwa anahesabu mawingu. Upepo ulikuwa bado wa kutoka baharini. Ukigeuka tu, Somerby angeondoka.

Gatini hapakuwa na meli. Ilikuwa imeteremka na maji ya usiku mpaka chini karibu na mdomo wa mto, ikatia nanga kungojea upepo. Karani wa Somerby alikuwapo, akila mkate wa mahindi.

"Mfuko umeshashonwa, mama. Na sheria ya nahodha ni moja. Barua haitolewi mfukoni ila kwa mkono wa aliyeiandika. Watu wengi mno huja kudai barua za wenzao."

"Basi aje nimwambie."

"Haji nchi kavu tena. Ila mashua inakwenda sasa hivi kupeleka maji ya kunywa." Akaonyesha kwa mkate. "Nafasi ipo."

Mehitable akaitazama mashua. Ilikuwa inapanda na kushuka kando ya ngazi, taratibu, kama kitu kinachopumua. Baba yake alizama kwenye fungu la mchanga la mdomo wa mto huohuo, akirudi kutoka visiwani, mji mzima ukimwona na hakuna aliyeweza kumfikia. Mehitable wakati huo alikuwa mtoto, wa umri wa kuanza kujifunza kufuma. Tangu siku ile vyombo vya majini alivitazama kutoka dirishani. Shangazi wa Salisbury, ambaye nyumba yake ilionekana ng'ambo, ilimbidi afunge safari mwenyewe ili amwone bibi harusi, na akalisimulia hilo mpaka kufa kwake.

"Turudi nyumbani," akasema Zerviah, aliyemwona rangi ikimtoka. "Tutaandika nyingine."

"Itamkuta ameshasaini."

Akashuka ngazi. Hata yeye hakujua miguu yake ilikubaliana lini. Alikaa katikati ya mapipa ya maji, akafumba macho, akashika mkono wa Zerviah, na makasia yakaanza kugonga.

"Zungumza," akasema.

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Nitanie."

Zerviah akamtania mto mzima. Alimtania kuhusu mkate ulioungua, kuhusu kofia yake ya Jumapili, kuhusu Shemasi na kiwele kibovu, kuhusu Waholanzi wote wa dunia, mpaka mpiga makasia akakosa kasia kwa kucheka. Mara moja tu alisema, "Wifi, hivyo vidole vyangu nitavihitaji baadaye," na Mehitable akalegeza kidogo, kisha akaviminya tena.

Nahodha Abijah Somerby aliwavuta kwa mkono wake mwenyewe mpaka sitahani. Alikuwa mtu mpana, mwenye ndevu, na kwa jinsi alivyojitahidi kutotabasamu ilikuwa wazi kwamba gazeti lilishamfikia.

"Karibu, Hitty... Samahani. Mama Pettingell."

"Nipe barua yangu, Nahodha."

Akachana nyuzi za mfuko kwa kisu, akaingiza mkono kando ya tufe la mzinga, akaitoa. Mehitable aliichana vipande, akavitupa majini, akavitazama vikilowa na kusambaa. Alipumua. Kisha akakumbuka kwamba hiyo ilikuwa moja tu.

"Na ile ya Salem?"

"Meli ile naijua. Ina mwendo wa ng'ombe mwenye mimba, na itapitia Hispania kwanza kushusha samaki. Mimi naenda moja kwa moja. Andika nyingine sasa hivi, wino ule pale. Nitampa mkononi kabla ile haijafika."

Akampeleka kwenye chumba chake kidogo cha nyuma, akampa kiti kilichopigiliwa sakafuni. Zerviah akasimama mlangoni. Mehitable akachovya unyoya. "Eliphalet wangu," akaandika, na hayo yalikuwa mazuri sana hata akayatazama kwa muda. Kisha akaandika, "Rudi."

Mkono ukasimama hapo. Akirudi, atarudi kwa njia gani? Kwa bahari hiihii, iliyojaa manowari za Mwingereza. Wakimkamata katibu wa waasi hawatamchapisha gazetini tu, watamfunga London, na alikuwa ameshasikia watu waliofungwa London wanarudi wakoje, wale wanaorudi. Angeandika nini basi? Kwamba asirudi lakini pia asibaki? Na hata akiandika vizuri kuliko mtu yeyote, karatasi hiyo itashonwa na tufe, na manowari ya kwanza itakayochomoza itaipeleka chini, huku ile ya Salem, iliyojaa ubaya, ikijikokota salama mpaka mlangoni kwake. Kwani si ndivyo ilivyokwenda? Miaka minne waliandikiana kwa hofu, na zilizofika ni zile zisizo na kitu.

Akafunika kidau cha wino.

"Nahodha," akaita, "una nafasi ya abiria?"

Somerby akachungulia. "Ya nani?"

"Yangu."

"Wifi!" Zerviah akashika mlango kwa mikono miwili. "Umefumba macho mto mzima! Umenivunja vidole! Unajua bahari ina upana gani?"

"Usiniambie."

"Basi twende nyumbani kwanza. Ulale, ufikirie, upakie vitu vyako. Kesho..."

"Zerviah, sikiliza. Nikishuka kwenye meli hii, sitapanda chombo kingine mpaka nizikwe. Unanijua. Kesho nitapata sababu, na kesho kutwa nitakuwa nimeketi dirishani. Leo nimeshapanda." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Nimemwambia abaki, na hakuna karatasi itakayolifuta neno hilo. Nitalifuta mwenyewe."

Zerviah akafungua mdomo kutoa utani. Haukuja. Watu wa Newburyport hawakuwahi kuamini baadaye aliposimulia kwamba alikosa neno, lakini Somerby alikuwapo, aliona.

Zerviah akateremka kwenye mashua bila kuaga. Alasiri, upepo ukianza kuzunguka kuelekea magharibi, alirejea na sanduku la nguo, blanketi mbili, chungu cha maharage yaliyobaki, na gazeti. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Ng'ombe nitamkamua mimi," akasema. "Pipa la unga sitaliuza. Gazeti nimempokonya Shemasi, alikuwa anataka kuliweka kwenye fremu."

"Nitakosa kelele zako, wifi."

"Utazikosa kweli. Nani nitamtania sasa?"

"Shemasi. Anaweza, umemwona."

Wakakumbatiana kwa nguvu, wakiwa wamesimama vibaya kati ya kamba na mapipa, na wote wawili walilia bila kujificha. "Mwambie kaka yangu," Zerviah akasema alipokuwa ameshashuka, akipaza sauti kutoka kwenye mashua iliyokuwa ikisogea mbali, "mwambie akiandika tena jibini, nakuja mwenyewe kumlisha!"

Nanga ikapanda. Mji ukaanza kurudi nyuma, minara, vichanja vya samaki, dirisha lake. Mbele, mawimbi yalikuwa yakivunjika meupe juu ya fungu la mchanga. Mehitable alijishikiza kwenye ukingo wa meli kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alilikunjua gazeti, akaanza kujisomea kwa sauti, kwa ile sauti ya mnada ya Shemasi Lunt, maana moyo ulikuwa unamdunda na sauti ile angalau haikuogopa kitu. Alifika kwenye shingo meli ilipoanza kuruka. Alifika kwenye pipa la unga mahali hasa alipozama baba yake. Hakufumba macho. Alisema, "Baba, napita," kisha akaendelea pale alipoishia, mpaka maji yakatulia na kuwa ya buluu nzito.

Somerby alikuja akasimama kando yake, akiwa na ule mfuko wa turubai aliokuwa ameushona upya.

"Ni haki nikuambie, Mama Pettingell. Tukifukuzwa na manowari, sheria yangu haibagui. Kila barua inakwenda chini. Hata hilo gazeti."

Mehitable akalikunja gazeti taratibu, akalitia kifuani, akafunga vifungo juu yake.

"Barua za Kongresi tupa," akasema. "Hii waache waikamate, na mimi pamoja nayo. Watanichapisha kama walivyomchapisha yeye, na mume wangu atasoma kwamba nilikuwa njiani."